Tupeane uzoefu: mliohamia Hispania, mlianzaje?

Msafiri wa Valencia:
Habari zenu wakuu. Naingia mwaka wa nne hapa Valencia, na haipiti wiki bila mtu wa nyumbani kuniuliza viza inapatikanaje. Viza niliipata. Kilichonitesa ni karatasi iitwayo padrón: unakwenda manispaa na mkataba wa pango, unaandikishwa kwamba unaishi mtaa fulani, nyumba namba fulani. Nilikuja kwa viza ya masomo, nikapanga chumba, mwenye nyumba akanikatalia katakata kujiandikisha kwake. Kwa ugeni nikanyamaza. Kumbe kadi ya ukaazi inatakiwa kuombwa ndani ya mwezi mmoja tangu uingie nchini, na siku ya kuchukuliwa alama za vidole polisi wakaiulizia karatasi hiyo hiyo. Nikarudi mikono mitupu. Nikahama usiku na mabegi mawili, euro 350 za dhamana zikabaki kwa yule bwana. Siku hizi mdogo wangu yeyote akitafuta chumba, namwambia aulize kujiandikisha kabla ya kuuliza bei. Wenzangu, ninyi mlianzaje?

Binti Kisauni:
Mie natoka Mombasa, nipo Madrid. Nilikuja nikabaki viza ilipokwisha, sifichi. Miaka mitatu nilimtunza bibi wa miaka themanini na kitu, nalala humohumo kwake, siku ya kutoka ni Jumapili tu. Lakini wiki ya kwanza mama mmoja Msenegali alinishika mkono akanipeleka kujiandikisha. Hawakuuliza kibali, hata asiye na ukaazi huandikishwa. Tarehe ile ndiyo iliyonihesabia miaka nilipoomba ukaazi kwa njia ya arraigo, yaani umeshatia mizizi. Wakati wangu ilikuwa miaka mitatu, tangu Mei 2025 ni miwili. Lakini wenzangu, kama huna ukaazi wa kudumu, uandikishaji huo unahuishwa kila baada ya miaka miwili. Nilisahau, jina likafutwa, nikalia pale pale kwenye ngazi za manispaa. Kilichoniokoa ni risiti za kutuma pesa nyumbani na karatasi za hospitali. Tunzeni kila kitu chenye jina lenu na tarehe. Bibi ameshafariki. Kihispania chote nilicho nacho ni chake, alikuwa akinisahihisha hata akiwa kitandani.

Mkulima Almería:
Mimi nipo kwenye mashamba yaliyofunikwa kwa plastiki, nyanya na pilipili hoho. Kiangazi mle ndani joto hupita nyuzi 40, tunaanza alfajiri ili tutoke kabla ya jua kali. Mengine siwezi kuyaandika hapa. Msikubali kazi ya mdomo. Kama mwajiri hajakuandikisha bima ya jamii, siku zako hazihesabiki popote.

Mgeni Mwanza:
Shikamooni. Nimepata chuo Salamanca, naanza Septemba. Kiingereza kitanifikisha?

Msafiri wa Valencia:
Marahaba mdogo wangu. Darasani pengine, kwenye dirisha la manispaa hapana. Anza Kihispania usiku huu huu. Na vyeti vyako vipitishe wizara ya mambo ya nje ya nyumbani na ubalozi wa Hispania kabla hujapanda ndege, kisha vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Mimi cheti cha kuzaliwa nilikisahau kabatini kwa mama, kikachukua miezi mitano kunifikia kikiwa na mihuri yote.