Hiace ya mzigo iwe gari la kulala porini: nianze na nini, niache nini?

NyandaJuu

Kamwene wakuu. Nina Toyota Hiace KDH206 ya mzigo, dizeli, 4WD, bodi ndefu, paa la kawaida, gia za mkono. Nataka iwe gari la kulala watu wawili kwa siku nne au tano bila kutafuta gesti. Njia ninazolenga ni Iringa hadi Ruaha kupitia Tungamalenga, Chimala kupanda Matamba hadi Kitulo, na Njombe kushuka Ludewa mpaka Ziwa Nyasa.

Mpango wangu: kuinua gari inchi 4, tairi kubwa za matope, keria ya chuma yenye tangi la maji la lita 100, kitanda na makabati ya plaiwudi ya mm 18, betri mbili za asidi za Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), sola ya wati 200 na friji ya lita 45. Kupikia na kupashia joto nitatumia jiko la mkaa. Sijatoboa wala kukata kitu bado. Nisahihisheni kabla sijalipeleka kwa fundi.

Uyole4x4

Afadhali umeuliza kabla ya kutoboa, mkuu. Anza na uzito, maana ndio utakaoamua springi, tairi na breki.

Shiti moja ya plaiwudi ya mm 18, futi 4 kwa 8, ina karibu kilo 30. Ya mm 12 ina karibu kilo 20. Kitanda na makabati ya gari hilo hula shiti nne hadi tano, kwa hiyo ukishuka hadi mm 12 umeshapunguza kilo 40 au 50. Betri mbili za asidi ni kilo 60. Maji lita 100 ni kilo 100, na ukiyapandisha kwenye keria umeweka kilo 100 zinazoyumba juu ya paa, halafu unataka kuzipitisha kona 57 za Chimala hadi Matamba. Hilo lifute kabisa. Tangi la lita 50 au 60 liweke ndani, chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na lipigwe kizuizi katikati ili maji yasikimbie upande mmoja kwenye kona. Keria ibaki ya vitu vyepesi tu: sola, mkeka, koleo.

Inchi 4 pia zifute. Mbele gari hilo lina tosheni ba, yaani fito za chuma zinazojisokota badala ya springi. Fundi akizikaza anakuinulia gari kwa dakika kumi na unafurahi, lakini mikono inaning'inia chini, boljointi zinafanya kazi kwenye pembe mbaya, mipira ya ekseli za mbele inapasuka, na gari linadunda kwa sababu sehemu ya kushukia imekwisha. Kaza upate inchi moja, moja na nusu ikizidi, kisha lazima alaimenti. Nyuma ongeza jani moja la springi baada ya kujenga na kupakia, usiongeze kabla. Ukiinua nyuma, kagua urefu wa hozi ya breki. Na kama gari lako lina vali ya breki inayosoma mzigo kwenye ekseli ya nyuma, irekebishwe pia. Usipoirekebisha itadhani gari ni tupu na itapunguza nguvu ya breki za nyuma. Hilo utalijua ukiwa unashuka Matamba, si Mbeya mjini.

Tairi: 195/80R15 za kiwandani zina kipenyo cha karibu mm 693. Za 215/75R15 ni karibu mm 704, yaani gari linapanda mm 5 tu. Unachonunua hapo ni meno na ubavu mgumu, urefu ni kidogo mno. Soma namba ya mzigo ubavuni: 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800. Tairi nyingi zenye sura ya porini zimetengenezwa kwa magari mepesi, na hapo ndipo ubavu hupasukia kwenye mawe.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: 4WD ya Hiace hiyo inafanya kazi muda wote, katikati kuna kapulingi ya mafuta mazito. Tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika sawa. Ukifunga mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti kila mita, kapulingi inachemka na kufa. Halafu gari halina giya ndogo ya mlimani. Mlima mrefu wenye matope unaupanda kwa giya ya kwanza na mwendo, na klachi ndiyo inayolipa. Likikwama nusu njia, rudi nyuma ujipange upya. Ukisugua klachi hapo utashusha gari kwa kamba.

BodiMafinga

Naongezea ya ndani. Kabla ya ubao wowote, lipeleke gari kwa fundi injini akague sili za nozeli na kichujio cha oili kilicho ndani ya sampu. Kwenye injini ya 1KD, ndiyo ya gari lako, sili za nozeli zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba kichujio, na injini inakosa oili ghafla. Na kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele, usijenge kabati linalozuia viti kuinuka. Kuna magari mazuri sana yaliyojengwa ambayo kubadilisha tu nozeli lazima kwanza uvunje jiko.

Sakafu: toa kila kitu, osha, kausha siku mbili, piga brashi ya waya palipo na kutu, paka redoksaidi kisha rangi. Usitoboe kabla ya kulala chini ya gari na kutazama, maana chini kuna tangi la dizeli, mabomba ya breki na waya. Tumia kwanza matundu ya kiwandani ya kufungia mzigo. Bolti ziwe za mm 8, na chini ya bati weka kipande cha chuma cha sm 4 kwa 4, unene mm 3, si washa peke yake. Skrubu za mbao kwenye bati zitalegea ndani ya wiki moja ya barabara yenye mawimbi kama ile ya Tungamalenga.

Kitanda: upana wa ndani ni karibu mita 1.52, kwa hiyo mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Laza kwa urefu, mita 1.9 kwa 1.2, upande wa kulia wa gari, ili mlango wa pembeni ubaki wazi. Kimo cha ndani ni karibu mita 1.32. Ukitoa sakafu na dari unabaki na sm 126, na mtu aliyekaa anahitaji kama sm 90. Godoro la sm 8 likiingia, ubao wa kitanda usizidi sm 28 kutoka sakafuni. Wengi hukiweka sm 45 ili wapate stoo kubwa chini, kisha wanakula wakiwa wameinama siku zote tano.

Fremu fanya ya skwea paipu ya inchi 1, unene mm 1.5, karibu kilo 1.1 kwa mita. Ukipenda mbao, paina ya hapa Mafinga inafaa, ila kauliza iliyokaushwa. Nyingi huuzwa mbichi. Ukiifunga mbichi ndani ya gari linalokaa juani, inajipinda na milango ya makabati haifungi tena. Plaiwudi ipake vanishi kingo zote, hasa zile zisizoonekana. Maji huingilia kwenye kingo.

NyandaJuu

Ahsanteni sana. Keria ya maji na inchi 4 nimezifuta. Sasa joto: Kitulo mwezi wa sita na wa saba huwa na umande wa barafu. Nilitaka kujaza sponji ya godoro nyuma ya dari na kuta. Na jiko la mkaa, mtu akiacha dirisha wazi kidogo si inatosha?

BodiMafinga

Sponji hapana. Inanyonya mvuke na kuushikilia kwenye bati. Miaka miwili tu utakuta kutu imetoboa kuanzia ndani, na kwa nje ulikuwa huoni kitu. Tafuta foamu isiyonyonya maji, ya mm 10 hadi 20, ubandike kwa gundi ya mpira kwenye bati safi lililokauka, bila kuacha mifuko ya hewa. Acha wazi matundu ya chini ya milango, ndiyo yanayomwaga maji ya mvua.

HewaSafi

Hapo naafikiana na BodiMafinga kwa foamu, lakini naona foamu peke yake haitakuokoa na unyevu, na watu wanaitegemea mno. Watu wawili usiku mmoja hutoa kwa pumzi zaidi ya nusu lita ya maji, na yote yanatafuta bati lenye baridi. Dawa ni hewa ipite: tundu moja chini, moja juu, usiku kucha, hata kukiwa na baridi. Chini ya godoro weka chaga zenye nafasi za sm 3. Ubao mzima utakuotea ukungu.

Mkaa, ndugu yangu, nakuomba usiuingize ndani ya gari hata dakika moja. Hata uliokwisha kuwaka ukawa mwekundu bila moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu hasikii kitu, anapata usingizi tu, basi. Dirisha wazi kidogo halitoshi. Na jiko la gesi ni la kupikia, si la kupashia joto. Likiwaka, mlango uwe wazi. Fundi yeyote akikuwekea hita, nunua na kengele ya kugundua hewa hiyo ya sumu, uifunge usawa wa kichwa cha anayelala.

Hita ya dizeli ya kilowati 2 inatosha gari hilo. Ekzosi yake ishuke chini ya gari na itokee pembeni, mbali na mlango na tundu la kuvuta hewa. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600 na hewa ni nyepesi. Hita iliyopangiwa bondeni itachoma dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, itajaa masizi na kugoma kuwaka siku ya pili. Chagua yenye mpangilio wa mwinuko, au punguza mapigo ya pampu kwenye swichi yake. Kabla ya kuizima iache iwake kwa nguvu dakika kumi, inajisafisha.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae wima ndani ya kisanduku kinachofungwa, chenye tundu la sm 2 sakafuni linalotoka nje. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kama maji. Na maharage chemsha nyumbani au beba sufuria ya presha. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, utamaliza mtungi bila kula.

WayaMbili

Umeme nitausema kwa kifupi. Friji ya lita 45 inakula karibu Ah 30 kwa siku, taa na simu 10, hita 15. Jumla kama 55. Betri za asidi usizitumie kupita nusu, kwa hiyo mbili zinakupa Ah 100 kwa kilo 60. Lithiamu moja ya Ah 100 inakupa 80 na zaidi kwa kilo 12 hivi. Ukiweza, nunua lithiamu, lakini hakikisha ina kinga ya baridi: haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na alfajiri ya Kitulo inafika huko. Iweke ndani, chini ya kitanda. Usiifunge chini ya bodi.

Sola ya wati 200 siku ya jua Ruaha inarudisha kama Ah 55. Ukungu wa Rungwe unaweza kuishusha hadi robo, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Funga chaja ya DC kwa DC ya ampea 20 au 30 kutoka kwenye altaneta. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja kwa rilei. Inavuta mkondo mkubwa mno na kuunguza altaneta. Waya wa mm² 16 kwa mita 4 au 5, fyuzi ya ampea 40 kila upande, isizidi sm 20 kutoka kwenye betri.

Kosa ninaloliona sana ni friji kufungwa kwa waya wa mm² 1.5. Kompresa ikianza, volti zinashuka njiani, friji inajizima, na mwenye gari anabadilisha betri nzima isiyo na kosa. Weka mm² 6. Na usitumie waya wa nyumba wa uzi mmoja, mtikisiko unaukata ndani ya ganda na huwezi kupaona.

Uyole4x4

Mawili ya mwisho. Vumbi la Ruaha huingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu gari likitembea huvuta hewa kutoka nyuma. Badilisha mpira wa mlango huo, funga madirisha, na feni ya mbele iwe kwenye namba ya juu ikivuta hewa ya nje, ili ndani kuwe na msukumo wa kutoka.

Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndio wakati ule udongo unapokuwa sabuni. Ukienda miezi hiyo, beba koleo, kamba, mbao mbili za kukanyagia za sm 25 kwa mita 1, na kompresa ndogo. Kwenye matope punguza upepo kwa robo ya kiwango cha kibandiko cha mlangoni, mwendo usizidi 40, ujaze tena kabla ya lami. Kushuka kutoka Matamba shuka kwa giya ya pili tangu kona ya kwanza. Ukisubiri breki zinuke ndipo upunguze giya, umechelewa.

Ukimaliza kujenga, jaza maji na dizeli, mpakie mwenzako, kisha pima gari kwenye mizani ya ghala la nafaka: ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu linganisha na kibati cha gari kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa. Baada ya hapo ndipo uongeze jani la springi. Na TRA uwape taarifa ya mabadiliko ya bodi ili kadi ilingane na gari, pamoja na kampuni ya bima, kabla ya safari ya kwanza.