MJADALA: Kama mvuke wa maji ndio unaozuia joto zaidi, kwa nini lawama iwe kwa hewa ukaa?

Mleta mada

Wadau, kila mazungumzo ya joto la dunia yakianza, hoja tatu hurudi, na wanaozitoa si watu wa kupuuzwa. Mvuke wa maji ndio gesijoto (gesi inayozuia joto la dunia lisitoroke) inayozuia joto jingi kuliko zote. Hewa ukaa (dioksidi ya kaboni) ni asilimia 0.04 tu ya hewa. Tena bahari, misitu na udongo hutoa hewa ukaa nyingi kupita viwanda na magari yote. Nakubali zote tatu. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwamba basi binadamu anasingiziwa.

Naanza na hiyo 0.04. Mwaka 1859 mwanasayansi John Tyndall alichukua bomba, akaziba ncha zake kwa vipande vya chumvi ya mawe vilivyosuguliwa hadi vikang'aa, maana kioo chenyewe huzuia mionzi ya joto. Upande mmoja chanzo cha joto, upande wa pili kipimo, katikati anajaza gesi moja baada ya nyingine. Oksijeni na nitrojeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, ziliacha joto lipite karibu lote. Mvuke wa maji na hewa ukaa zikalikamata. Basi kwenye suala la joto, wingi wa hiyo asilimia 99 hausaidii kitu. Bila gesi hizi chache, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi.

Mvuke nao haukai. Ukipanda leo, baada ya siku kumi hivi umeshashuka kama mvua. Kiasi chake hupangwa na joto lenyewe: hewa ikiongezeka nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke asilimia 7 zaidi. Lazima kitu kingine kiianze safari, halafu mvuke uikoleze. Hewa ukaa hainyeshi. Sehemu ya ile tunayotoa leo itawakuta vitukuu wetu hewani.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka la tatu, na ndilo zito. Asili inatutupa mbali, na volkano hujazitaja kabisa. Hewa ukaa haina jina wala muhuri. Iliyoongezeka utajuaje ni yetu?

Mleta mada

Swali zuri, na kwa kweli hewa ukaa ina muhuri. Kaboni 14, aina ya kaboni inayooza polepole yenyewe, huzaliwa juu angani, na kila kilicho hai kinayo. Nusu yake hupotea kila miaka 5,730. Makaa ya mawe na mafuta yamelala ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo hayana kaboni 14 tena. Mwanasayansi Hans Suess, akipima mbao za miti miaka ya 1950, alikuta kaboni 14 ya hewani imezimuliwa na kaboni kongwe isiyo nayo.

Utaniambia kaboni ya volkano nayo haina. Kweli, na hapo ndipo oksijeni inapotoa ushahidi. Kuchoma kitu hula oksijeni, ilhali volkano hutema hewa ukaa bila kuigusa. Mwanasayansi Ralph Keeling amekuwa akipima oksijeni ya hewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na inapungua mwaka hadi mwaka. (Msiogope, tutakayopumua ipo tele.) Weka mihuri miwili pamoja: kaboni ni kongwe, na imechomwa. Misitu inayoungua inakosa muhuri wa kwanza, volkano zinakosa wa pili.

Isitoshe, volkano zote kwa mwaka hazifikishi asilimia 1 ya hewa ukaa ya binadamu. Volkano ya Pinatubo, Ufilipino, ililipuka mwaka 1991, na vipimo vya hewa ukaa vya Mauna Loa, Hawaii, havikuruka. Miaka miwili iliyofuata ongezeko lilipungua kasi. Vipimo hivyo vilianza mwaka 1958 na Charles David Keeling, baba yake Ralph, vikiwa kama sehemu 315 kwa kila milioni. Sasa zimepita 420, na kabla ya viwanda zilikuwa 280.

Asili kweli hutoa nyingi, lakini huchukua nyingi zaidi. Karibu nusu ya tunayotoa sisi inamezwa na bahari na mimea. Anayekusaidia kubeba mzigo huwezi kumwita mwenye mzigo.

Mchangiaji wa pili

Mimi sayansi nimeikubali. Ubishi wangu ni ng'ombe, anayelaumiwa kwa gesijoto ya methani anayoicheua. Kwa nini awekwe kapu moja na makaa ya mawe?

Mleta mada

Asiwekwe, nakuunga mkono. Kaboni ya kwenye methani ya ng'ombe ilikuwa kwenye majani juzi tu, na methani hudumu hewani miaka kama 12. Ile inayovuja kwenye visima vya gesi ni kaboni mpya kabisa hewani.

Ila usinielewe vibaya. Ndani ya miaka 20, tani moja ya methani hupasha joto mara 80 hivi kuliko tani ya hewa ukaa, na methani ya hewani imeongezeka zaidi ya maradufu tangu enzi za kabla ya viwanda. Mifugo ikibaki idadi ileile, joto jipya inaloongeza ni dogo. Ikiongezeka, hesabu inabadilika mara moja.

Mchangiaji wa pili

Basi tatizo ni idadi, si ng'ombe. Na idadi inapangwa na mlaji.

Mleta mada

Hapo sina pingamizi. Anayeona mvujo wa visima uzibwe kwanza kabla ya kugusa mifugo, au kinyume chake, alete hoja.