Vidole vya mama havisomi: usajili wa laini ya kidani cha dharura

Kutoka: Binti wa Mabatini, Leicester

Ndugu zangu wa Mwanza mlio ughaibuni, wakubwa shikamooni, na wadogo poleni na kazi.

Mama yangu anaishi peke yake Mabatini, kwenye nyumba yetu ya mlimani juu ya mawe. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na ingawa mfupa uliunga vizuri, tangu hapo hatoki. Kanisani haendi, sokoni anatuma watoto wa jirani, na hata kuoga anasubiri mpaka binamu yangu afike. Ndipo nikamtumia kidani cha kuvaa shingoni chenye vihisi vya mwendo, ambacho mvaaji akianguka hupiga chenyewe namba nilizoziweka, moja baada ya nyingine, mpaka mtu apokee.

Kidani kimefika salama, ila laini ya simu ya kukitia ndiyo imekwama. Binamu alimpeleka mama kwenye ofisi moja mjini akiwa na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, lakini mashine haikusoma kidole hata kimoja, kwa kuwa vimelika kwa miaka mingi ya jembe na kufua. Wakaelekezwa ofisi nyingine, nako wakaambiwa warudi walikotoka. Mtu mzima anayeogopa kuanguka ameteremshwa kwenye yale mawe na kupandishwa tena bila kupata kitu, na imeniuma sana. Je, yupo aliyewahi kumsajilia laini mzazi ambaye vidole vyake havisomi? Alipitia njia gani?

Kutoka: Kaka wa Pasiansi, Göteborg

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu.

Kabla hujahangaika na vidole, hakikisha kwanza kwamba kidani hicho kinashika mitandao ya nyumbani, kwa sababu vifaa vingine huuzwa vikiwa vimefungwa kwa kampuni moja ya simu ya nchi vilikonunuliwa. Mimi nilimpelekea baba saa ya mkononi ya Apple Watch, ambayo tangu toleo la Series 4 la mwaka 2018 ina uwezo wa kutambua kuanguka. Ikihisi kishindo kikali, kisha mvaaji akakaa bila kujongea kwa takriban dakika moja, inapiga yenyewe namba ya dharura na kuwatumia ndugu ujumbe unaoonyesha mahali alipo. Shida yake ni kuchaji. Baba huivua usiku ili ipate moto, na ni usiku huohuo ndipo anapoamka kwenda chooni. Hapa Sweden manispaa humpa mzee kitufe cha kuvaa mkononi, betri yake hudumu muda mrefu, na mzee hana haja ya kukivua hata anapooga. Nilitamani baba apate cha namna hiyo.

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Stuttgart

Kaka wa Pasiansi, dada ameuliza juu ya vidole, nawe umemjibu juu ya saa. Tena hilo la namba ya dharura umelipita haraka mno. Nyumbani 112 ni polisi na 114 ni zimamoto, na anayepokea simu hiyo hana namna ya kujua nyumba ya mama iko nyuma ya jiwe lipi, wala gari halifiki mlangoni. Ndiyo maana kidani cha dada, kinachopiga moja kwa moja kwa watu anaowafahamu, kinafaa zaidi kuliko saa yako.

Mimi nafanya kazi ya kuwatunza wazee. Hapa Ujerumani, mtu aliyethibitishwa kiwango chake cha kuhitaji uangalizi hulipiwa kengele ya nyumbani na bima ya uangalizi, euro 25.50 kwa mwezi. Lakini kengele haimwinui mtu. Anayemwinua ni jirani mwenye ufunguo, na kituo kinachopokea simu huanza kwa kumtafuta huyo. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Cambridge kuhusu watu waliovuka miaka 90, ukaonyesha kwamba wengi wa waliolala sakafuni kwa muda mrefu walikuwa na kengele na hawakuitumia. Hilo halinishangazi, kwa sababu nimewasikia wenyewe wakisema hawakutaka kusumbua watu. Na kulala chini saa nzima si jambo dogo kwa mzee: misuli iliyokandamizwa huanza kuharibika na kuziumiza figo, mwili hukauka maji, na kichomi huweza kufuata.

Kwa hiyo kifaa kinachohisi chenyewe ni hatua nzuri, ila kina mipaka yake. Kinatafuta mwendo wa ghafla, kishindo, kisha utulivu. Mama akiteleza polepole kutoka kitini au akijishikilia ukutani huku anashuka, huenda kisihisi lolote, na siku nyingine akiketi kwa kishindo kitampigia kila mtu simu. Mwambieni hayo mapema, na mmfundishe kubonyeza mwenyewe.

Kuhusu vidole, binamu asajili laini hiyo kwa NIDA yake, mambo yaishe.

Kutoka: Mzee wa Bwiru, Minneapolis

Wanangu, nawasalimu.

Binti yangu wa Nyegezi, usimwelekeze mwenzako hivyo. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa, kwa lengo kwamba kila laini ijulikane inatumiwa na nani. Binamu akibonyeza *106# ataikuta laini hiyo kwenye orodha yake, na likitokea jambo ataitwa yeye. Asikubali kabla hajauliza kama inaruhusiwa.

Sasa niseme kama mtu ninayevaa kidani. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee hapa Marekani, ile ya msingi, hailipii vifaa hivi, kwa hiyo nalipa mwenyewe kila mwezi, na sijutii. Baada ya kuanguka kwenye barafu nilikaa ndani majira yote ya baridi. Daktari akanieleza kwamba woga huo ni hatari sawa na barafu yenyewe: anayeogopa hatembei, asiyetembea miguu yake hulegea, na miguu iliyolegea ndiyo inayoangusha. Kidani kilinirudisha barabarani, lakini kilichonifanya nisiyumbe ni mazoezi. Upo mpango uliobuniwa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wa kuimarisha miguu na uwezo wa mwili kusimama imara, ukifanywa nyumbani, kama vile kuinuka kitini bila kushika kitu na kusimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Majaribio yake yakijumlishwa, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Mazoezi hayo hayahitaji laini ya simu wala NIDA.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee wetu wamo humo. Nikikumbuka tulivyokuwa tukiteremka Bwiru hadi ziwani, mama zetu wakiwa na ndoo kichwani, naona kwamba yale mawe ndiyo yaliyokuwa mazoezi yao, nasi tukituma pesa na vijana wa kuwafanyia kila kitu, tunawanyang'anya. Dada yangu yuko Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anafika mjini bila kungoja kivuko, basi sasa namba yake ni ya pili kwenye simu ya kaka yetu mkubwa. Natamani kurudi. Huku ardhi ni tambarare, ila hakuna anayenipigia hodi.

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Stuttgart

Shikamoo mzee. Sikumaanisha avunje sheria, nilimwonea mama huruma asirudishwe mjini. Lakini kwa mazoezi nakuunga mkono, ila asianze kabla ya kupimwa presha akiwa amelala kisha amesimama. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anapoinuka. Macho nayo yaangaliwe, maana mtoto wa jicho huficha ngazi.

Kutoka: Binti wa Mabatini, Leicester

Asanteni nyote, na shikamoo mzee. Nimezungumza na mama jana usiku. Amesema kidani atakivaa, lakini anachotaka kwanza ni chuma cha kujishikia bafuni na sakafu isiyoteleza, na kwamba jirani yake wa chini, siyo mimi, ndiye awe namba ya kwanza. Fundi anakuja Jumamosi. Jirani amekubali kukaa na ufunguo.

Laini bado haijasajiliwa. Kama kuna aliyefanikiwa kwa mzazi mwenye vidole vilivyolika, naomba aandike ni dirisha gani alianzia na karatasi zipi aliombwa, ili binamu aende peke yake kuuliza kabla hatujamteremsha mama tena.