Mjadala: Je, filamu ya Harvey Milk inawatendea haki walioamua kesi ya Dan White?

Wanajamvi,

Naomba tuijadili filamu ya makala The Times of Harvey Milk, iliyoongozwa na Rob Epstein mwaka 1984 na kutunukiwa tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Swali langu linahusu sehemu yake ya mwisho, yaani kesi. Filamu inamwacha mtazamaji akiamini kwamba wananchi 12 walioketi kuamua kesi ile walimhurumia muuaji kwa sababu mmoja wa waliouawa alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Wapo wanaosema kuwa huko ni kuwaonea. Mimi naona filamu imesema kweli, ila imeuacha nje ushahidi ambao ungeithibitisha kweli hiyo.

Kwa asiyeifahamu kesi, Milk alichaguliwa diwani wa San Francisco mwezi Novemba 1977, baada ya kushindwa katika chaguzi tatu, akawa mmoja wa wapenzi wa jinsia moja wa kwanza nchini Marekani kushika wadhifa wa kuchaguliwa bila kuificha hali yake. Dan White, aliyewahi kuwa polisi na mzimamoto, aliingia barazani pamoja naye. Tarehe 10 Novemba 1978 White alijiuzulu, akilalamika kwamba mshahara wa dola 9,600 kwa mwaka haukutosha kulisha familia yake. Siku chache baadaye akataka arudishiwe kiti, na Milk akamshauri Meya George Moscone asikubali. Tarehe 27 Novemba White aliingia katika jengo la jiji kupitia dirisha la chini ili kukwepa mtambo wa kukagua silaha, akampiga meya risasi nne, akaijaza bastola upya, akavuka kwenda upande wa pili wa jengo, akampiga Milk risasi tano. Tarehe 21 Mei 1979 alitiwa hatiani kwa kosa la kuua kwa kusudi lakini bila dhamira ya uovu (voluntary manslaughter), ambalo ni jepesi kuliko murder, akahukumiwa kifungo cha miaka saba na miezi minane. Alitoka gerezani Januari 1984, akiwa ametumikia takriban miaka mitano tu.

Wanaowatetea waamuzi wana hoja nzito, nami sitaki kuipuuza. Wakati ule sheria ya California iliruhusu mshtakiwa ajitetee kwamba akili yake ilikuwa imedhoofika kiasi cha kushindwa kupanga uovu, na madaktari walifika mahakamani kueleza sonona ya White. Tena, wanauliza, meya hakuwa mpenzi wa jinsia moja, naye aliuawa kwanza. Chuki hiyo inatoka wapi? Ni kweli kwamba ugomvi ulianzia kwenye kiti. Ni kweli pia kwamba White aliwahi kukasirishwa na kura ya Milk kuhusu kituo cha vijana wenye matatizo ya akili katika wadi yake, jambo lisilohusiana kabisa na mapenzi ya mtu. Hata hivyo, White ndiye diwani pekee aliyeipinga sheria ndogo ya jiji ya kuwalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi, na kumbukumbu hiyo haiwezi kutenganishwa na mengine.

Kwa maoni yangu, kiini cha jambo kiko kwenye kanda ya maungamo ya White, ambayo sehemu yake inasikika ndani ya filamu. Waendesha mashtaka waliipeleka mahakamani wakitarajia immalize. Badala yake ilisikika sauti ya mtu mwenye majonzi, akilia, akieleza shinikizo la kazi na la nyumbani, na baadhi ya waamuzi wakalia pamoja naye. Ukiisikiliza unaelewa jinsi huruma ilivyopata njia, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuweka mbele ya waamuzi, kwa uzito uliostahili, historia ya uhasama wa kisiasa kati ya watu hawa. Mauaji yakabaki kama tendo lisilo na sababu, na pengo hilo likajazwa na maelezo ya ugonjwa. Hapo ndipo Epstein alipaswa kukaa zaidi. Yeye anapita haraka, kisha anatuachia hoja ya mzungumzaji mmoja kwamba kama angeuawa meya peke yake, White angeozea gerezani. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, lakini haithibitishiki, na filamu haimpi nafasi mtu wa kuijibu.

Pamoja na hayo, siwezi kuwaondolea waamuzi lawama yote. Hakuna aliyejulikana kuwa mpenzi wa jinsia moja aliyeketi miongoni mwao, nao waliombwa wamwone White kama kijana mwema wa mtaani kwao aliyelemewa. Najua wengi humu mna msimamo mkali wa dini kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na sikuja kuugusa msimamo huo. Ninachosema ni kwamba uzito wa kosa la kuua haupimwi kwa kuangalia kama aliyeuawa anapendwa na wanaohukumu.

Basi nawauliza mnaoitetea hukumu: mtu ambaye akili yake haikuweza kupanga aliwezaje kukumbuka kukwepa mtambo wa ukaguzi, kubeba risasi za akiba na kuijaza bastola kati ya mauaji ya kwanza na ya pili? Naomba majibu yenye hoja.