Benki ilifuta kadi, tagi ikakauka, sasa nadaiwa faini za barabara ya kulipia. Zinapingika?

BibiKanga:

Habari zenu ndugu zangu wa ughaibuni. Niko Texas, huu mwaka wa saba, nalea wazee zamu ya usiku. Naomba mawazo yenu kabla sijafanya ujinga.

Mwezi Machi benki ilinitumia meseji saa tisa usiku nikiwa kazini: ni wewe umenunua viatu vya dola 214? Viatu gani, mimi raba zangu za kazini nimezishona kidoleni mara mbili. Nikajibu hapana, wakaifuta kadi papo hapo. Nahisi namba waliichota kwenye pampu ya mafuta. Kadi mpya ikaja baada ya siku sita, namba tofauti. Nikakaa na chai yangu nikabadilisha bima ya gari, umeme, na ile programu ninayomtumia mama hela Tanga. Simu sikuigusa, ikaendelea kujilipa yenyewe sijui kwa uchawi gani. Tagi ya barabara, kile kibandiko cha kiooni kinachokatwa tozo nikipita, nikaisahau kabisa.

Tagi yangu salio likishuka chini ya dola 10 inavuta dola 40 kwenye kadi. Ikavuta, ikakosa. Ikarudia, ikakosa. Taarifa zikaenda kwenye imeili niliyofunguliwa na shemeji nilipofika Marekani, nywila yake hata yeye haikumbuki. Na barabarani hakuna cha kukushtua: hakuna kibanda, hakuna geti, kamera tu zimening'inia juu nawe unapita na mwendo wako. Daraja la Kigamboni kama huna hela hupiti, mnamalizana pale pale. Huku nimepita wiki tano, kwenda na kurudi, najiona raia mwema.

Halafu Februari nilikuwa nimehama. Barua zote zikaenda nyumba ya zamani. Aliyeniokoa ni kijana Mkongo aliyehamia pale, mtu wa Bukavu, ambaye nilimwachia namba yangu siku ya funguo. Kanipigia: "Mama, barua zako ziko mingi huku."

Barua tano. Safari 38 kwa dola 1.80, ndiyo dola 68.40. Juu yake ada na faini dola 275. Jumla 343.40. Na barua ya tano imetoka kwa kampuni ya kukusanya madeni, inaongea na mimi kama nimetoroka na mbuzi wa mtu.

Nimepiga simu, nimesubiri dakika 50, kijana akaniambia kuhakikisha salio ni wajibu wangu, kwaheri. Sikatai kulipa barabara, nimeipita. Kinachoniuma ni kwamba nimeibiwa mimi, halafu mwizi naitwa mimi. Usajili wa gari unaisha Julai, naogopa watauzuia. Nilipe yote yaishe, au kuna njia?

MzeeWaLori:

Mwanangu, kabla ya yote, umeshaweka kadi mpya kwenye hiyo akaunti? Kama bado, acha kusoma hapa, kaweke. Kila usiku unaopita unazaa barua nyingine.

Usilipe hizo 343. Ukishalipa jumla umekubali jumla, kurudishiwa ni kazi nyingine. Omba kitu kimoja tu: safari zote 38 zihamishiwe kwenye akaunti ya tagi, kwa bei ya tagi. Mashine ilisoma tagi yako vizuri, ikakuta akaunti haina kitu, ndipo wakatumia picha ya pleti, yaani namba ya gari, na kukutoza bei ya posta, ya bili inayotumwa kwa barua, ambayo ni ya juu. Tagi ilikuwepo kwenye kioo muda wote. Wewe si mtu aliyepita bila tagi, na hiyo ndiyo hoja yako. Habari ya mwizi na viatu ni ya pili.

Kuhusu anwani: barua za pleti haziendi kwenye anwani ya akaunti ya tagi, zinafuata anwani ya usajili wa gari. Wengi wanabadilisha moja wakidhani wamemaliza.

Usajili usikunyime usingizi. Sheria ya Texas ya mwaka 2013 inayoruhusu kuzuia usajili inamlenga mtu mwenye safari 100 au zaidi zisizolipwa ndani ya mwaka mmoja, tena baada ya kutumiwa taarifa mbili. Wewe una 38.

Halafu nenda mwenyewe dirishani, kwenye ofisi yao. Wa kwenye simu anasoma karatasi. Wa dirishani anaona uso wako na historia yako kwenye skrini.

Kiboko_wa_Hesabu:

Samahani dada, mimi nitasema ukweli. Benki imekupa kadi mpya, orodha ya malipo unaijua, umesahau. Mkataba wa tagi unasema kadi ni jukumu lako. Hiyo "nimeibiwa" haiwahusu wao.

BibiKanga:

Kiboko, nimesahau, nimekiri tangu mstari wa kwanza. Lakini kusahau kulipa dola 68 ni dola 275? Hata duka la Mangi likikudai sukari halikutozi gunia.

NeemaWaVitabu:

Nafanya kazi ya hesabu, niongeze machache.

Uchawi wa simu ni huu: Visa na Mastercard wana huduma inayompelekea mfanyabiashara namba mpya kadi inapobadilishwa. Ila mpaka mfanyabiashara awe amejiunga, na benki yako pia. Kampuni ya simu bila shaka imejiunga, wenye barabara huenda hawamo. Ndiyo maana kimoja kilijilipa na kingine kikafa kimya, na ndiyo maana mtu makini kabisa anaweza kunaswa. Waeleze hivyo hivyo.

Benki iombe barua, siyo picha ya skrini. Iwe na tarehe kadi ilipofutwa, sababu kuwa ni udanganyifu, na tarehe kadi mpya ilipotolewa. Kisha chapisha historia ya tagi yako kabla ya Machi. Kama ni miaka ya malipo bila kukosa, karatasi hiyo inaongea kuliko machozi.

Ile barua ya tano ishughulikie peke yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu wakusanya madeni inakupa siku 30 tangu upokee taarifa yao kulipinga deni kwa maandishi, na wakishapata barua yako lazima wasimame hadi wakutumie uthibitisho. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa kule Philadelphia ilisema tozo ya barabara ni deni chini ya sheria hiyo. Texas haiko chini ya mahakama ile, kwa hiyo usiende ukijitapa nayo, lakini andika barua hivyo hivyo. Itume kwa posta ya rejista yenye saini ya mpokeaji. Usiwapigie simu, na usiwape namba ya kadi yoyote.

SamakiWaNchiKavu:

La haraka tu: kama kuna meseji ya simu inayokudai tozo na kiungo cha kulipia, usiiguse. FBI walitoa onyo Aprili 2024 baada ya kupata malalamiko zaidi ya 2,000 kwa takriban mwezi mmoja. Kadi yako imeshaibwa mara moja, inatosha.

BibiKanga:

Shikamoo Mzee, nimerudi. Wiki tatu zimepita.

Kadi niliiweka usiku ule ule. Benki walinizungusha siku nne kwa barua ya mistari mitano. Nikaenda dirishani nimetoka zamu, macho mekundu, na bahasha yangu. Mama wa pale hakuwa na haja na viatu vya dola 214, nilipoanza hadithi akanyoosha mkono anataka namba ya tagi. Akaangalia skrini kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Miaka minne hujawahi kukosa?" Nikamwambia sijawahi. Akahamisha safari 31 kwenye tagi kwa dola 1.20, nikalipa 37.20, na ada ya dola 200 ya barua zile nne ikafutwa. Barua ya benki aliitoa nakala akaiambatisha, nadhani ilimsaidia yeye kwa bosi wake zaidi kuliko ilivyonisaidia mimi.

Ile ya tano alisema imeshatoka mikononi mwao. Safari 7, dola 12.60, na ada 75. Nimeandika kama Neema alivyosema, siku ya 19, saini ya mpokeaji ninayo. Hawajajibu. Kiboko, hiyo 12.60 ninayo mkononi, wakiifuta ile 75 nalipa siku hiyo hiyo.

Anwani ya usajili nimebadilisha. Jumamosi nilimpelekea kijana wa Bukavu sambusa. Kala nne, akanywa maji, ndipo akakumbuka kuna bahasha nyingine iliingia juzi. Iko hapa mezani, sijaifungua.