MREJESHO: Flashi ya kuinstoli Linux Mint imekubali

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa laptopu isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11), niliyetaka kuhamia Linux Mint (mfumo endeshi wa bure) baada ya Windows 10 kukatiwa sapoti Oktoba 2025, lakini kila nikiwasha inairuka flashi na kuingia Windows kama kawaida.

Nilianza kwa kuhamisha flashi kutoka tundu la bluu la USB kwenda la jeusi. Wapi! Kisha nikamsikiliza aliyesema hapa nihakiki faili la ISO (lile la kuinstolia Mint) kwa SHA-256, yaani kulinganisha namba ndefu ya faili langu na ile iliyotolewa na Mint. Aisee, namba hazikufanana kabisa. Bando lilikata katikati na mimi nikadhani faili limeshuka lote. Nikalishusha upya usiku, zikalingana.

Kosa la pili, msinicheke: ile ISO nilikuwa nimeikopi kwenye flashi kama mtu anayekopi nyimbo. Safari hii nikatumia Rufus (programu ya kuiandika ISO kwenye flashi ili kompyuta iweze kuwakia humo), nikachagua GPT na UEFI (mpangilio wa diski na njia ya kuwasha ya kompyuta za kisasa), nikawasha huku nabonyezabonyeza F12 ili nichague pa kuwashia. Flashi ikatokea kwenye menyu, na dakika 20 hivi Mint ilikuwa ndani.

Ila Wi-Fi iligoma. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikapata intaneti yake, kisha sehemu ya draiva ya Mint ikaleta inayotakiwa. Bluetooth bado haioni spika yangu. Na picha zilizokuwa Desktop zimekwenda na maji. Mliosema nifanye bekapu kwanza, mlisema.

Asanteni sana, hasa mkuu wa SHA-256.