Msaada: GPA (wastani wa madaraja) ya muhula wa kwanza ni 2.67, chuo kidogo cha umma, nianzie wapi kurekebisha?

Chipukizi

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa waliosoma au wanaofundisha kwenye vyuo vya umma vya miji midogo. Matokeo ya muhula wa kwanza yametoka. Kipimo ni A = 4, B = 3, C = 2, D = 1, na masomo pamoja na krediti (uzito wa kila somo) yako hivi:

Kalkulasi, krediti 4: C
Takwimu, krediti 4: B
Utangulizi wa Uchumi, krediti 3: C
Stadi za Mawasiliano, krediti 2: A
Kompyuta, krediti 2: B

Lengo ni kufika 3.0 mwisho wa mwaka wa pili. Vipindi vya darasani ni saa 15 kwa wiki. Idara ina wahadhiri wanne tu, maktaba ina nakala mbili tatu za kila kitabu cha kiada, na mchana intaneti inasuasua. Usomaji mpaka sasa ni kurudia madesa (muhtasari wa somo tunaonakiliana) mara tatu au nne, kupigia mistari, halafu msuli wa kukesha wiki ya mitihani.

Je, 3.0 inafikika? Nguvu niziweke wapi? Na vitabu napataje? Natanguliza shukrani.

Mizani

Inafikika, ndugu, ila shika kalamu kwanza. Zidisha daraja la kila somo kwa krediti zake: pointi ulizonazo ni 8 + 12 + 6 + 8 + 6 = 40, ukigawa kwa krediti 15 unapata hiyo 2.67. Kama ungetaka 3.0 mwisho wa mwaka huu, krediti zitakuwa 30 na pointi zinazotakiwa ni 90. Zingebaki 50 za kutafuta ndani ya muhula mmoja, sawa na 3.33. Huo ni mlima. Lakini lengo lako ni mwisho wa mwaka wa pili: krediti 60, pointi 180. Toa 40, zinabaki 140 kwa krediti 45, sawa na 3.11 kila muhula. Kwa muhula wa krediti 15, hizo ni pointi 47 hivi: B kila somo, pamoja na A moja kwenye somo la krediti 2. Umeona tofauti? Hakuna muujiza unaodaiwa hapo.

Sasa nguvu uziweke wapi. Kalkulasi ingetoka C kwenda B, ungekuwa na 44/15, yaani 2.93. Kompyuta ingetoka B kwenda A, ungekuwa na 42/15, yaani 2.80. Kupanda ni daraja moja kwa yote mawili, faida ni mara mbili, kwa sababu ya krediti. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: somo linaloeleweka ndilo linalosomwa kila jioni kwa kuwa linampa mtu raha, na lile la krediti 4 linaahirishwa mpaka linageuka jini.

Hesabu hiyohiyo ifanye ndani ya kila somo mara tu testi zinapotoka. Tuseme kosiweki (testi na asaimenti za muhula) ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Ukiwa na 17 za kosiweki na unataka jumla ya 60, unahitaji 43 kati ya 60 kwenye mtihani, karibu asilimia 72. Ukiwa na 28, unahitaji 32 tu, asilimia 53. Ndiyo maana asaimenti ya alama 10 wiki ya tatu haifai kuandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Soma pia kanuni za mitihani za chuo chako: vipo vyuo vinavyodai ufaulu mtihani wa mwisho peke yake, hata kama jumla inatosha. Asiyejua kifungu hicho anaweza kuangukia kwenye sapu (mtihani wa marudio) akiwa na jumla ya kufaulu.

Mlezi wa Idara

Mizani amemaliza upande wa hesabu. Mimi niongeze jambo linalowaumiza sana wanafunzi wa vyuo vidogo: ratiba ya idara.

Idara yenye wahadhiri wanne haiwezi kufundisha kila somo kila muhula. Mengi hutolewa mara moja kwa mwaka, na lingine huweza kusimama kabisa mhadhiri wake akienda masomoni. Ukianguka somo ambalo ni sharti la kuingia somo lingine, hupotezi muhula, unapoteza mwaka, kwa sababu la mbele hulisomi mpaka la nyuma litolewe tena. Chukua karatasi moja, andika masomo yote ya shahada yako, chora mishale kutoka somo la sharti kwenda linalolitegemea, na pembeni ya kila moja andika muhula linaotolewa. Peleka karatasi hiyo kwa mshauri wako wa masomo aikague, maana kitabu cha mwongozo cha chuo mara nyingi kiko nyuma ya hali halisi. Kwa shahada yenye Kalkulasi na Takwimu mwaka wa kwanza, sitashangaa ukikuta Kalkulasi ina mishale mitatu au minne inayotoka kwake.

Upande wa pili ndio utajiri wa chuo kidogo, na unanisikitisha unavyoachwa. Mhadhiri wa darasa la watu 40 anaweza kukujua kwa jina kufikia wiki ya nne. Nenda ofisini kwake saa alizotangaza, si mlangoni mwa darasa anapokimbilia kipindi kingine. Usiende na "sijaelewa mada ya tatu". Nenda na karatasi yenye swali ulilojaribu, na kidole chako kikionyesha mstari ulipokwama. Dakika 10 zinatosha. Ukimwandikia barua pepe, kichwa kiwe na jina la somo na kiini cha swali. Ndani weka jina kamili, namba ya usajili, swali moja, na ulichokwisha jaribu. Asipojibu, mkumbushe baada ya siku tatu za kazi, kwa adabu. Huyo ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo miaka miwili ijayo, na barua ya mtu anayekujua husomeka tofauti na ya anayenakili matokeo yako.

Kalamu Nyekundu

Niguse usomaji wenyewe, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kurudia desa mara nne kunadanganya. Mara ya nne maneno yanateleza kwa urahisi, nawe unadhani umejua, kumbe macho ndiyo yameyazoea tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilipima hili kwa wanafunzi wa chuo. Waliorudia kusoma kifungu walikuwa mbele kidogo walipopimwa baada ya dakika 5. Walipopimwa baada ya wiki, waliosoma kisha wakajipima bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Fanya hivi. Siku ileile ya kipindi, kabla hujalala, funga daftari, chukua karatasi nyeupe, na kwa dakika 10 andika kila unachokumbuka: fasili, hatua, michoro, mifano. Usichungulie. Kisha fungua daftari na ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ndiyo silabasi yako halisi, kwa kuwa inaonyesha usichokijua. Rudia zoezi hilo kesho yake, halafu siku ya 3, ya 7 na ya 21, kila mara ukianza na karatasi tupu. Mara ya kwanza utaandika nusu ukurasa na kukata tamaa. Usiache. Ule ugumu wa kuvuta kitu kichwani ndio unaokijenga.

Muda wa kazi hiyo upo. Kanuni ya zamani ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Kwa saa 15 za vipindi, hizo ni 30, sawa na saa 5 kwa siku 6, na siku ya saba unapumzika. Zigawe kwa krediti: Kalkulasi saa 8, Takwimu 8, Uchumi 6, mengine mawili saa 4 kila moja. Saa zilizo kati ya kipindi na kipindi mchana ndizo zinazovuja zaidi, basi zipangie kazi ndogo zenye jina: "maswali 4 ya ukurasa fulani", si "kusoma Takwimu".

Na mkesha uache. Usingizi ndio wakati ubongo unapotulizia yale uliyojifunza mchana. Anayekesha anaingia ukumbini akiwa amesoma kurasa nyingi na ameshika chache.

Chipukizi

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilichotegemea. Karatasi tupu kwa Uchumi naielewa. Kwa Kalkulasi nitaandika nini? Na diskasheni za watu 8 au 9 zinasaidia?

Kalamu Nyekundu

Kwa Kalkulasi, karatasi tupu ni mfano uliofanywa darasani. Nakili swali tu, funika jibu, ulifanye mpaka mwisho. Ukikwama, funua mstari mmoja, funika tena, endelea. Kesho yake lifanye upya tangu mwanzo.

Weka pia daftari la makosa lenye safu tatu: swali, mstari ulipokosea, na aina ya kosa. Aina ni tatu: dhana, aljebra, au kutosoma swali vizuri. Baada ya maswali 30 hivi utaona picha. Mara nyingi tatizo si kalkulasi, ni aljebra ya sekondari: sehemu, vipeo, alama ya kutoa mbele ya mabano. Mfano, derivativu ya (3x² + 1)⁵ ni 5(3x² + 1)⁴ × 6x, yaani 30x(3x² + 1)⁴. Anayesahau ile 6x ana kosa la dhana, hajashika kanuni ya mnyororo. Aliyeandika 6x vizuri kisha akakosea kuzidisha ana kosa la aljebra. Dawa zao ni tofauti, na mtu asiyezitenganisha anarudia sura nzima bure.

Jambo jingine: changanya maswali. Ukifanya maswali 20 ya kanuni moja mfululizo, unajua njia kabla hujasoma swali. Mtihani haukuambii njia. Chukua 5 kutoka kila mada kwa mada nne tofauti, uyavuruge mpangilio.

Nukta

Diskasheni ya watu 9, hapana. Wawili wanafundisha, saba wanaitikia. Wanne wanatosha, dakika 90, kila mmoja aje na maswali mawili aliyokwisha kuyahangaikia peke yake. Anayeeleza anasimama ubaoni bila daftari. Asiyejaribu kabla ya kuja asome pembeni siku hiyo, hata kama ni rafiki.

Na mitihani iliyopita: ifanye kwa saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100, toa dakika 15 za kusoma maswali na kuhakiki, zinabaki 165. Swali la alama 20 lina dakika 33. Zikiisha, acha nafasi, nenda swali linalofuata. Alama 5 za mwanzo wa swali jipya ni rahisi kuliko 2 za mwisho wa lile uliloling'ang'ania. Usikariri majibu. Mhadhiri akibadilika, maswali yanabadilika.

Rafu ya Vitabu

Kuhusu vitabu. OpenStax wana vitabu vya kiada vya bure katika PDF, vikiwemo vya kalkulasi, takwimu na kanuni za uchumi, yaani masomo yako matatu mazito yote. Pakua usiku au alfajiri, uweke kwenye simu na kwenye flashi. Ukipakua mara moja, mwenzio hana haja ya kupakua tena. MIT OpenCourseWare wana seti za mazoezi na mitihani yenye majibu. Kwa makala za utafiti, DOAJ inaorodhesha majarida yaliyo wazi kusomwa bure, na Unpaywall, ukiiweka kwenye kivinjari, hukuonyesha kama makala inayodai malipo ina nakala halali ya bure mahali pengine.

Halafu zungumza na mkutubi ana kwa ana. Muulize mambo matatu: kama chuo kina mpango wa kuazimana vitabu na maktaba nyingine, ni hifadhidata gani zimelipiwa na nywila zake zinapatikanaje, na kama nakala moja ya kitabu kinachogombaniwa inaweza kuwekwa akiba ya kusomea humohumo ndani. Hilo la tatu mara nyingi mhadhiri akiliombea linafanyika upesi, kwa hiyo mpitie yeye kwanza.

Desa lisikutoshe. Ni muhtasari wa muhtasari, na likinakiliwa miaka mitano linabeba makosa ya miaka mitano. Silabasi ya somo inataja sura za kitabu. Soma sura, tumia desa kujua mhadhiri amekazia wapi.

Mlezi wa Idara

Nasahau la mwisho, alama zinazopotea. Idara ndogo haina makarani wa kutosha, na zipo alama zinazoachwa pale mtu anapohamisha orodha kutoka karatasi kwenda mfumo. Kila asaimenti ipige picha kabla ya kukusanya, na jina lako liwepo kwenye orodha ya waliowasilisha. Testi ikirudishwa, jumlisha alama mwenyewe hapohapo, kisha ihifadhi. Kosiweki ikibandikwa, linganisha siku hiyohiyo. Ikiwa na pengo, mwone mhadhiri na ushahidi mkononi. Asiposhughulikia ndani ya wiki, andika barua kwa mkuu wa idara, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Rufaa ya matokeo ina siku zake, zimeandikwa kwenye kanuni za mitihani, na zinahesabiwa kuanzia matokeo yalipotangazwa. Kwa kawaida husikilizwa kwa kosa la kujumlisha, swali ambalo halikusahihishwa au utaratibu uliokiukwa. "Nilistahili zaidi" haiendi mbali. Matokeo yako ndiyo kwanza yametoka, basi ile C ya Uchumi ilinganishe leo na testi ulizonazo kabla ya jambo jingine lolote.

Chipukizi

Testi mbili za Uchumi ninazo, asaimenti sina picha yake. Naanza na orodha ya waliowasilisha kesho asubuhi.